Jinsi ya Kuchagua Rili Nyepesi ya Uvuvi wa Nzi Bandia kwa Maji ya Chumvi

Katika vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, ambako samaki aina ya trauti waliletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20, rili ya mvuvi wa nzi bandia haina kazi kubwa zaidi ya kuhifadhi mshipi. Samaki wa gramu 400 huvutwa kwa mkono hadi kwenye wavu, na rili inaweza kukaa kimya tangu asubuhi hadi jioni. Baharini mambo hubadilika. Kolekole wa kilo 5 akishanaswa kwenye ukingo wa mwamba huondoka na mshipi wote wa mita 30 kabla mvuvi hajaweka miguu yake sawa, na kuanzia hapo kinachomzuia ni breki ya rili peke yake. Ndiyo maana rili ya baharini huchaguliwa kwa makini, na rili nyepesi ya baharini huchaguliwa kwa makini zaidi, kwa sababu kila gramu iliyopunguzwa imetoka mahali fulani, na mnunuzi anapaswa kujua imetoka wapi.

Nieleze kwanza maneno nitakayoyatumia, maana uvuvi huu bado ni mgeni kwa wengi. Nzi bandia ni ndoana iliyofungiwa manyoya na nyuzi. Huku Pwani haifanani na nzi hata kidogo, bali hufanana na dagaa, kamba au kaa mdogo. Kwa kuwa ndoana hiyo haina uzito wa kuifikisha mbali, kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito na hutengenezwa kwa plastiki laini iliyozunguka uzi wa ndani. Nyuma ya mshipi huungwa uzi wa akiba, mwembamba na mrefu sana, na mbele yake huungwa uzi wa nailoni au wa fluorokaboni unaobeba ndoana, ambao nitauita uzi wa mbele. Spuli ni kile kigurudumu kinachoviringishiwa vyote hivyo, na fremu ni mwili wa rili unaoishikilia spuli na kufungwa kwenye fimbo.

Usianze kwa kuangalia rili. Anza na namba ya fimbo, kwa kuwa fimbo na mshipi hupewa namba moja kulingana na uzito wa mita 9 za mwanzo za mshipi, na rili hufuata namba hiyo. Mshipi wa namba 8 una uzito wa gramu 13.6 katika mita hizo 9, wa namba 10 una gramu 18.1, na wa namba 12 una gramu 24.6. Kwa maji ya kina kifupi juu ya mchanga na majani ya bahari, ambako mvuvi hutembea akitafuta samaki wa kilo 1 hadi 4, namba 8 inatosha. Kwa kolekole wa wastani, na kwa siku ambazo upepo una nguvu, namba 9 au 10 ni bora. Namba 12 ni ya kolekole wakubwa na ya sulisuli wanaovuliwa kutoka botini nje ya mwamba, kama inavyofanyika Watamu na Malindi, na nasema wazi kwamba kwa kazi hiyo wepesi wa rili si jambo la kutangulizwa. Yaliyobaki katika mwongozo huu yanahusu zaidi namba 7 hadi 10, kwa kuwa hapo ndipo wepesi una faida ya kweli.

Faida yenyewe huonekana mkononi. Mvuvi anayetembea majini tangu maji yanapoanza kupwa hadi yanapojaa hurusha mshipi mara mia kadhaa kwa mkono mmoja, na wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa Aprili hadi Septemba hivi, kila mrusho unashindana na upepo. Fimbo nzuri ya namba 8 ina uzito wa karibu gramu 100. Rili za baharini za namba hiyo zinaanzia gramu 150 hivi kwa zile nyepesi na kufika gramu 280 kwa zile nzito, kwa hiyo rili ndiyo sehemu nzito kuliko zote anazozishika mvuvi, na tofauti ya gramu 100 huhisika kwenye kifundo cha mkono ifikapo saa sita mchana.

Hata hivyo, rili nyepesi kupita kiasi huchosha pia. Fimbo ya baharini ina urefu wa meta 2.74, na uzito wa sehemu ya mbele huuvuta mkono kuelekea chini muda wote. Rili ndiyo inayousawazisha uzito huo kwa kuwa ipo nyuma ya kiganja. Ikiwa nyepesi mno, ncha ya fimbo huinama na mvuvi hulazimika kuiinua kwa nguvu ya kifundo, tena na tena. Kwa hiyo chukua fimbo yako uende nayo dukani, ifunge rili ikiwa imejazwa uzi wa akiba na mshipi, upitishe mshipi kwenye pete zote na kuacha mita kadhaa zikining'inia nje ya ncha, kisha uiweke fimbo juu ya kidole kimoja, mahali pale ambapo kidole cha shahada hukaa unaporusha. Ikilala sawa, au ikiinama kidogo tu upande wowote, rili hiyo inafaa. Uzito ulioandikwa kwenye sanduku ni wa rili tupu, na hakuna anayevua na rili tupu. Kama duka halina mshipi wa kujaribia, funga kipande cha risasi au sarafu kwenye spuli kwa utepe ili kukaribia uzito wa kweli. Muuzaji anayejua kazi yake hatakukatalia.

Sasa tuje kwenye swali la gramu zimetoka wapi. Njia ya kwanza, na iliyo salama kuliko zote, ni matundu. Ni wazo la zamani: kampuni ya Orvis ya Vermont, Marekani, ilipewa hataza mwaka 1874 kwa rili nyembamba yenye matundu ubavuni, ambayo pamoja na kupunguza uzito iliusaidia mshipi wa hariri wa zama hizo kukauka. Rili za leo hutobolewa fremu na spuli kwa namna hiyohiyo, na alumini ikiwa nzuri, matundu hayapunguzi nguvu kwa kiasi cha kudhuru. Kitu cha kuangalia ni ukubwa wa matundu hayo na kingo zake. Kingo zikiwa kali zitakwaruza mshipi, na nafasi kati ya spuli na fremu ikiwa pana, uzi mwembamba utapenya na kukwama humo.

Njia ya pili ni kubadili madini, na hapa inabidi kuwa macho. Magnesi ni nyepesi kuliko alumini kwa zaidi ya theluthi moja, lakini maji ya bahari huila upesi mno, na mkwaruzo mmoja unatosha kuanzisha uharibifu. Kwa hiyo mimi simshauri mtu yeyote anunue rili ya magnesi kwa ajili ya bahari. Plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kaboni haipati kutu na ni nyepesi sana, lakini hupinda. Alumini ndiyo inayobaki, nayo si ya namna moja. Iko ile iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na iko ile iliyokerezwa kwa mashine kutoka kwenye gogo moja la alumini, ambayo mara nyingi huwa ya daraja la 6061-T6. Ya kalibu ina vitundu vidogovidogo ndani yake na silikoni nyingi, kwa hiyo tabaka la kuikinga na chumvi halishiki vizuri, na ikiangukia jiwe huweza kupasuka. Ya kukerezwa ni ghali zaidi, lakini kwa rili nyepesi ndiyo pekee ninayoiamini, maana ukuta mwembamba wa milimita chache unahitaji madini yasiyo na kasoro ndani.

Kuna jaribio rahisi la kufanya hapohapo dukani. Ishike fremu kati ya kidole gumba na cha shahada, ibane kwa nguvu ya kawaida huku ukiizungusha spuli kwa mkono mwingine, na usikilize. Kama spuli inasugua fremu, au kama unaiona nafasi kati yake ikibadilika, iache rili hiyo. Kolekole atakapovuta, fremu itabanwa zaidi ya ulivyoibana wewe.

Njia ya tatu ya kupunguza gramu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni kupunguza vilivyomo ndani: kuondoa mipira ya kuzuia maji, kuweka breki ndogo, kutumia beringi za chuma cha kawaida badala ya kile kisichoshika kutu. Haya hayaonekani kwa nje. Rili yangu ya kwanza ya baharini niliinunua kwa sababu moja tu, kwamba ilikuwa na uzito wa gramu 138 na mkononi ilihisika kama si kitu. Niliitumia miezi miwili bila tatizo. Siku moja ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa na samaki wakiwa wamejikusanya kwenye mkondo mwembamba kati ya mikoko na mwamba, nilimnasa kolekole ambaye sikumwona ukubwa wake. Alipoanza kwenda, breki haikushika. Spuli ilizunguka bure, kasi kuliko mshipi ulivyotoka, mshipi ukajifunga mafundo ndani ya rili, na uzi wa mbele ukakatika kwa mlio kama wa kibiriti kinachowashwa. Nilipoifungua nyumbani niliikuta klachi, ile inayoiacha spuli izunguke bure wakati wa kukusanya na kuishikisha kwenye breki wakati wa kutoa, imejaa ungaunga wa kahawia, na vijipipa vyake vimegandana. Kuzunguka skrubu mbili zinazofunga mguu wa rili kulikuwa na unga mwingine, mweupe, laini kama poda ya mtoto. Huo wa kahawia ulikuwa kutu ya chuma. Mweupe ulikuwa alumini yenyewe ikigeuka kuwa unga.

Unga huo mweupe unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio utakaokuonya mapema. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, na maji ya namna hiyo hupitisha umeme vizuri. Madini mawili tofauti yakigusana ndani yake, kwa mfano skrubu ya chuma kisichoshika kutu na fremu ya alumini, hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Kinga ni tabaka gumu la oksidi linalojengwa juu ya alumini kwa kuizamisha katika tindikali na kuipitishia umeme. Tabaka la kawaida la rangi aghalabu halizidi unene wa maikroni 25. Lile gumu, linaloitwa Aina ya III, hufika maikroni 50 hivi na halikwaruziki kwa urahisi. Muulize muuzaji rili ina tabaka gani, kisha utazame kwa macho yako sehemu tatu: ndani ya matundu ya skrubu, kingo za matundu ya kupunguzia uzito, na chini ya mguu wa rili. Rangi ikiwa imefifia au imeruka katika sehemu hizo wakati rili ingali mpya, chumvi itaanzia hapo. Kwa rili iliyokwisha kutumika, zifungue skrubu za mguu kabla ya kutoa fedha. Ukikuta unga mweupe, ondoka.

Kuhusu breki, matangazo hupenda kutaja nguvu kubwa, kilo 8, kilo 10 au hata zaidi, na wanunuzi wengi hushawishika nayo. Hesabu yenyewe ni hii. Breki hufungwa kwa robo hadi theluthi moja ya nguvu ya uzi wa mbele. Ukitumia uzi unaokatika kwa kilo 7, breki yako itakuwa kati ya kilo 1.8 na 2.3. Zaidi ya hapo, uzi wa akiba unavyotoka ndivyo kipenyo cha spuli kinavyopungua, na samaki huvuta kwa shida zaidi ingawa hujagusa kitufe chochote: spuli iliyoanza na kipenyo cha sentimita 10 ikibaki na sentimita 7, breki ya kilo 2 huwa karibu kilo 2.9. Ongeza ukinzani wa mshipi mrefu unaokokotwa majini, na utaona kwamba kwa namba 8 breki ya kilo 4 inayovuta kwa ulaini ni bora mara nyingi kuliko ya kilo 10 inayokwama mwanzoni.

Kukwama huko kwa mwanzo ndiko kunakokata nyuzi. Ipime breki hivi: ifunge nusu, funga uzi kwenye mizani ndogo ya kuning'iniza, uvute polepole sana ukitazama mshale. Mshale unapanda hadi spuli ianze kuzunguka, kisha unashuka kidogo na kutulia. Ukipanda hadi kilo 2.5 kisha ukatulia kwenye kilo 1.5, rili hiyo itakukatia uzi kila mara samaki anapoanza mbio mpya. Mshuko unapaswa kuwa mdogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi. Rudia baada ya kuilowesha rili kwa maji, kama muuzaji ataruhusu.

Jambo ambalo halitajwi kwenye masanduku ni joto. Samaki akitoa mita 150 za uzi dhidi ya breki ya kilo 2, kazi inayofanyika ni karibu joule 2,900, na yote hugeuka kuwa joto katika visahani vya breki. Kama joto hilo lote lingebaki katika gramu 100 za alumini, ingepanda nyuzi 30 na zaidi za Selsiasi, na katika gramu 50 ingepanda maradufu. Rili nyepesi ina madini machache ya kulipokea joto, kwa hiyo visahani vyake vinapaswa kuwa vya kitu kisichobadilika kikipata moto. Visahani vya kaboni ndivyo vinavyotumika sana sasa, vikiwa ndani ya kifuko kilichozibwa kwa mipira. Breki ya gome la mwaloni wa Ulaya, yaani ile koki inayotengenezewa vizibo vya chupa, ni laini ajabu na mabingwa wengi bado huipenda, lakini iko wazi kwa maji na huhitaji kupakwa mafuta yake mara kwa mara. Kwa mtu anayetaka wepesi na anayetembea majini hadi kiunoni, nashauri breki iliyozibwa, kwa sharti kwamba klachi nayo iwe ndani ya kizibo kilekile. Muulize muuzaji kuhusu klachi kwa jina. Mara nyingi breki huzibwa na klachi huachwa nje, na hapo ndipo yangu ilipooza.

Ukubwa wa spuli hauhitaji maneno mengi. Chagua yenye kitovu kipana, kwa sababu kwa kipenyo cha sentimita 10 kila mzunguko unakusanya sentimita 31 za uzi, na kwa sentimita 7 unakusanya 22 tu, tofauti inayookoa samaki anayegeuka ghafla na kukukimbilia. Kwa namba 8 hakikisha inaingia mita 150 hadi 200 za uzi wa akiba unaokatika kwa paundi 20, yaani kilo 9 hivi. Uzi mwembamba wa kisasa wa kusokotwa huchukua nafasi ndogo kuliko ule mnene wa dakroni, yaani wa poliesta, kwa hiyo hukuwezesha kununua rili ndogo na nyepesi zaidi, ila lazima uviringishwe kwa mkazo mkubwa tangu mwanzo. Ukilegea, tabaka la juu huzama katikati ya yale ya chini na kunasa. Nao hukata vidole kama wembe, kwa hiyo usiuguse unapokimbia.

Hakikisha pia kwamba rili inageuzwa kwa mkono utakaokusanyia, na kwamba kitufe cha breki kinashikika kwa vidole vilivyolowa na vyenye ute wa samaki. Halafu uliza kuhusu vipuri. Pwani yetu kipuri kidogo huagizwa ng'ambo na huweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo rili ambayo mpira wake wa kuzibia ni wa kipimo cha kawaida, unaopatikana hata kwa mafundi wa pampu, ina thamani kuliko iliyo nyepesi kwa gramu 20 zaidi.

Baada ya kila safari, funga breki, uioshe rili kwa maji baridi yanayotiririka polepole, wala usiielekezee mpira wa maji wenye kasi, kwa kuwa kasi husukuma chumvi na mchanga kupita mipira ya kuzibia. Toa spuli, ioshe na uzi wake, uviache vyote vikauke kivulini, kisha uilegeze breki kabisa kabla ya kuhifadhi ili visahani visigandamane.

Na kabla ya safari ya kwanza, nenda na rili yako kwenye uwanja wa mpira, mbali na mchanga. Ifunge kwenye fimbo, weka breki kwa kilo 2 kwa kutumia mizani, umpe kijana ncha ya mshipi na umwombe akimbie hadi goli la pili, asimame ghafla, kisha akimbie tena. Mkono wako wa kushika fimbo utakuambia yote. Ukihisi mshtuko kila anapoanza, au ukisikia mlio unaobadilika kila anapoongeza kasi, irudishe rili dukani siku hiyohiyo, ikiwa bado haijaguswa na maji ya chumvi.